Uppark: jumba lililoungua kuanzia juu

Alasiri ya tarehe 30 Agosti 1989, jumba la Uppark, kusini mwa Uingereza, lilikuwa limezungushiwa jukwaa la mafundi kuanzia chini hadi paani. Matengenezo ya paa yalikuwa yamebakiza siku chache kumalizika, na kwa kuwa yalikuwa majira ya joto, wageni waliendelea kuingia na kutoka wakitazama vyumba vya chini, kana kwamba huko juu hakuna kazi inayofanyika. Sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kuchomelea mabamba ya risasi yanayoziba maungio ya paa ili mvua isipenye. Risasi huyeyuka kwa joto dogo ikilinganishwa na chuma, lakini mwali wa gesi unaotumika kuiyeyusha unatosha kabisa kuwasha mbao kavu zilizo chini yake, na mbao za Uppark zilikuwa zimekauka kwa karibu miaka 300. Moto ulijificha chini ya risasi, ukala ndani kwa ndani, na ulipoonekana ulikuwa umeshalishika paa. Hakuna aliyepoteza maisha. Hata hivyo paa lote liliporomoka, ghorofa ya juu ikateketea, na kilichobaki kimesimama, ukikitazama kwa mbali, kilikuwa ganda la matofali lisilo na kichwa.

Miaka sita baadaye, mwaka 1995, milango ilifunguliwa tena, na mgeni aliyewahi kufika kabla ya moto aliingia katika vyumba vilevile, akaona dari zilezile, na hata rangi zile zile zilizofifia. Jambo hilo husimuliwa mara nyingi kama habari ya ushujaa wa siku moja na subira ya miaka sita. Ushujaa ulikuwapo na subira ilikuwapo, lakini ukiuliza jumba liliwezaje kurudi, mimi naona kwamba jibu la msingi limo katika ujenzi wenyewe. Uppark iliweza kurudishwa kwa sababu moto ulianzia juu ukashuka, na kwa sababu jumba lilikuwa limejengwa kwa tabaka zinazoachana. Bila mambo hayo mawili, fedha na ustadi visingekuwa na cha kushika.

Tuanze na jumba lenyewe. Uppark iko West Sussex, kusini mwa Uingereza, juu ya kilima cha chokaa kinachotazama kijiji cha South Harting upande mmoja na bahari kwa mbali upande mwingine. Mahali hapo panapendeza, lakini kwa mtu wa karne ya 17 palikuwa na kasoro moja kubwa: hapakuwa na maji. Sir Edward Ford, ambaye familia yake ilimiliki ardhi hiyo, alikuwa na kipaji cha mitambo, na alibuni njia ya kupandisha maji kutoka bondeni hadi kileleni. Mjukuu wake, Ford Grey, ndiye aliyefaidi. Bwana huyu alikuwa mwanasiasa mwenye sifa chafu. Alishiriki uasi wa Monmouth wa mwaka 1685 dhidi ya mfalme, akakamatwa, akasamehewa, na baadaye akapanda hadi kuwa Earl wa Tankerville, cheo cha juu cha kikabaila. Karibu na mwaka 1690 alijenga jumba hili, na kazi hiyo kwa kawaida huhusishwa na mbunifu William Talman.

Umbo lake ni la sanduku. Uso wa kusini una madirisha tisa kwa upana, yaliyopangwa katika safu mbili zilizonyooka, na matatu ya katikati yamevishwa pembetatu ya mawe kwa juu. Kuta ni za matofali mekundu, na pembe na fremu za madirisha ni za mawe yenye rangi nyepesi. Chini kuna vyumba vilivyozama nusu ardhini, ambamo watumishi walifanya kazi. Juu ya hivyo kuna ghorofa kuu ya kupokelea wageni, kisha ghorofa ya kulala, kisha vyumba vya darini vinavyopata mwanga kupitia vidirisha vinavyochungulia kutoka kwenye paa lenye miteremko minne. Mtindo huu uliathiriwa sana na Uholanzi, na Waingereza waliupenda mwishoni mwa karne ile kwa sababu ulionyesha utajiri bila kelele. Mtu aliyezoea majumba makubwa yenye kuba na nguzo huenda akaiona Uppark kuwa ya kawaida mno. Mimi naiona kuwa na adabu: kila dirisha liko mahali unapolitarajia.

Mwaka 1747 jumba lilinunuliwa kwa pauni 19,000 na Matthew Fetherstonhaugh, kijana aliyerithi mali nyingi kutoka kwa ndugu yake wa mbali. Yeye na mkewe, Sarah Lethieullier, waliliacha ganda la nje kama lilivyokuwa, wakabadili karibu kila kitu cha ndani. Walisafiri Italia, wakachorwa picha za rangi na mchoraji Pompeo Batoni huko Roma, wakarudi na vitu vya kupamba nyumba. Kuta zikavikwa mbao zilizochongwa, dari zikapambwa kwa nakshi za lipu, na katikati ya uso wa kusini kikatengenezwa chumba kikubwa cheupe chenye dhahabu, kinachoitwa Saloon. (Msomaji asidhani ni kwa kinyozi, neno ni hilohilo, lakini huku maana yake ni sebule kuu ya kupokea wageni wa heshima.) Sarah alikuja pia na nyumba yake ya wanasesere, iliyotengenezwa alipokuwa msichana, yenye uso kama wa jumba halisi, wanasesere wenye nguo za mtindo wa wakati ule, na vyombo vidogo vya fedha vyenye mihuri halali ya masonara. Nitairudia nyumba hiyo ndogo baadaye.

Mwana wao, Sir Harry, alimwajiri mbunifu wa mandhari Humphry Repton mwanzoni mwa karne ya 19. Repton aliongeza baraza la nguzo upande wa kaskazini na kuhamishia huko mlango mkuu. Kazi za upishi na farasi zilikuwa katika majengo mawili ya pembeni, yaliyounganishwa na jumba kwa njia za chini ya ardhi, ili chakula na watumishi wapite bila kuonekana na wageni. Mama yake mwandishi H. G. Wells alikuwa msimamizi wa watumishi hapo kuanzia 1880 hadi 1893, na mwanawe alizifahamu njia hizo tangu utotoni. Ukitaka kuelewa jamii ya Kiingereza ya wakati ule ilivyopangwa, mchoro wa njia hizo za chini unakueleza upesi kuliko maelezo mengi.

Lakini jambo lililoamua hatima ya Uppark katika karne ya 20 lilitokea mwaka 1825, wakati Sir Harry, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, alipomwoa Mary Ann Bullock, msichana aliyefanya kazi katika chumba cha maziwa na ambaye alikuwa na miaka kama 20. Majirani walicheka. Bibi huyo aliishi hadi 1874, na baada yake mdogo wake Frances akaendelea hadi 1895. Dada hao wawili hawakubadili kitu. Wakati majumba mengine ya Uingereza yakipakwa rangi mpya, kubomolewa kuta na kujazwa samani za mtindo wa Malkia Victoria, Uppark ilibaki na mapazia, karatasi za ukutani na mazulia ya karne iliyotangulia. Kuanzia miaka ya 1930, mke wa Admiral Herbert Meade-Fetherstonhaugh aliyaokoa mapazia hayo yaliyokuwa yakichanika kwa kuyaosha kwa povu la mmea uitwao saponaria na kuyashona uzi kwa uzi. Mwaka 1954 familia ililikabidhi jumba kwa National Trust, taasisi ya hisani inayotunza majumba na ardhi za kihistoria, huku wanafamilia wakiendelea kuishi ghorofa ya juu. Kwa hiyo kilichokuwa chini ya jukwaa la mafundi mwaka 1989 kilikuwa kitu adimu sana: vyumba vya karne ya 18 ambavyo vilikuwa vimezeeka, lakini havijawahi kufanywa upya.

Sasa tuangalie jinsi chumba cha namna hiyo kinavyojengwa, kwa kuwa hapo ndipo kisa kinapogeuka. Ukuta wa Uppark ni wa matofali mazito yaliyounganishwa kwa udongo wa chokaa. Ndani ya matofali hayo hupigiliwa vipande vya mti, na juu ya vipande hivyo hukaa kiunzi chembamba cha mbao, na juu ya kiunzi hukaa mbao zilizochongwa, au kitambaa kilichobandikwa karatasi. Baina ya ukuta na pambo lake kuna nafasi ya hewa. Dari nayo inaning'inia: boriti za sakafu ya juu hupigiliwa fito nyembamba kwa chini, fito zikaachiwa mianya, na lipu ikasukumwa hadi ikapenya mianya na kujikunja kwa juu kama vidole vinavyoshika ngazi. Hakuna kitu katika chumba hicho kinachobeba uzito isipokuwa matofali na boriti. Kila unachokitazama na kukisifu ni vazi lililovishwa mwili.

Moto unaoanzia chini katika nyumba kama hiyo huzikuta nafasi zile za hewa nyuma ya mbao zikiwa kama dohani, na ndani ya muda mfupi huwa umepanda kila ukuta. Moto unaoanzia juu hauna bahati hiyo. Joto linapanda, na paa likishatoboka moshi unatoka nje. Ili ushuke, moto hauna budi kungoja kitu kianguke: kenchi ya paa iungue hadi ikatike, ianguke juu ya sakafu ya darini, sakafu hiyo nayo ishike, iangukie ghorofa ya kulala, na hivyo hivyo hadi chini. Katika kila kituo, lipu ya dari yenye unene wake huuzuia kwa muda. Muda huo ndio uliotumiwa na wafanyakazi wa National Trust, wanafamilia, watu wa kujitolea na askari wa zimamoto kujipanga mstari na kupitishiana mikononi picha, viti, vioo, vyombo vya kaure na mazulia, hadi vitu vikatapakaa nyasini. Sehemu kubwa sana ya vitu vya ghorofa kuu iliokolewa. Nyumba ya wanasesere ya Sarah ni miongoni mwa vilivyosalimika, na vyombo vyake vidogo vya fedha viko salama hadi leo. Nyumba ndogo ilipona na paa lake, nyumba kubwa ikiwa haina paa. Walioumia zaidi ni waliokuwa wakiishi juu. Vitu vyao binafsi viliteketea pamoja na vyumba vyao, na jambo hilo husahaulika kwa urahisi katika masimulizi yanayohusu sanaa peke yake.

Hata vile ambavyo havikutolewa havikuisha kabisa. Mbao nyingi zilizovikwa kuta za ghorofa kuu zilibaki mahali pake, zimeungua usoni tu au zimelowa. Sehemu za dari zilizoanguka zilifunikwa na kifusi kilichofuata, na kifusi hicho hicho, pamoja na maji ya zimamoto, kikazihifadhi. Matofali yalisimama. Moto wa siku ile ulikuwa umeisukuma nyumba yote ishuke chini na kulundikana ndani ya kuta zake zenyewe.

Baada ya majivu kupoa likaja swali la nini kifanyike, na hapa watu hawakukubaliana. Uingereza ina utamaduni wa zamani wa kuchukia majengo ya kihistoria yanayofanywa mapya; mwaka 1877 William Morris na wenzake walianzisha Society for the Protection of Ancient Buildings hasa kwa kupinga wasanifu waliokuwa wakiyasugua makanisa ya kale hadi yakaonekana yamejengwa jana. Kwa mwelekeo huo, jengo lililoungua ni jengo lililokufa, na kulijenga tena ni kutengeneza sanamu yake. Walikuwapo walioshauri magofu yaachwe, na wapo waliosema fedha hizo zingefaa kazi nyingine. Kwa upande wa pili kulikuwa na bima iliyogharamia sehemu kubwa ya ujenzi, vyumba vya chini vilivyobaki na zaidi ya kumbukumbu, na picha nyingi zilizopigwa kwa miaka mingi. Gharama ilikuja kufika kiasi cha pauni milioni 20.

Mwaka huohuo wa 1989 uamuzi ulitolewa, ukiwa umefupishwa katika kauli moja: vyumba vya kupokelea wageni virudishwe vilivyokuwa siku moja kabla ya moto. Ukiisikia kwa haraka, kauli hiyo ni kama ahadi ya kawaida. Ukiitafakari, ni ngumu ajabu. Hawakusema mwaka 1770, wakati dhahabu ilipokuwa inang'aa na karatasi ilikuwa nyekundu kabisa. Walisema tarehe 29 Agosti 1989, siku ambayo dhahabu ilikuwa imechakaa, karatasi imefifia kwa jua la karne mbili, na mapazia yamejaa mishono ya bibi wa saponaria. Fundi mzuri amefunzwa kutengeneza kitu kipya kikamilike. Hapa aliombwa atengeneze kitu kipya kiungane na kitu kikuukuu bila kukiaibisha.

Kabla ya kutengeneza chochote, ilibidi kujua kilichopo. Juu ya jumba lililo wazi lilisimamishwa paa la muda, na kifusi kikaanza kuondolewa kwa namna wanavyofanya watu wanaochimbua miji ya kale: eneo liligawanywa kwa miraba, kila mraba ukachimbuliwa peke yake, na kilichotoka kikatiwa katika mapipa ya taka yaliyoandikwa kimetoka wapi. Mapipa hayo yalifika maelfu. Kisha yakachekechwa. Kipande cha ua la lipu kilichopatikana mashariki ya Saloon hakikuweza kuchanganywa na cha chumba cha pili, kwa hiyo kilipooshwa na kulinganishwa na picha kiliweza kurudishwa mahali pake halisi, au angalau kumwonyesha fundi unene wa jani, mpindo wa shina, na alama za chombo kilichotumika. Vitasa vya milango, bawaba, vipande vya vioo na vipande vya mbao zilizochongwa vilipatikana kwa njia hiyo. Kuna kazi zinazosifiwa kwa sababu zinaonekana. Kazi ya kuchekecha haionekani popote katika jumba la leo, na bado ndiyo iliyoamua ni kitu gani kingeweza kudaiwa kuwa cha kweli.

Lipu ndiyo iliyoleta mtihani mkubwa. Katika karne ya 19 na ya 20 mafundi wa Uingereza walikuwa wamehamia kwenye jasi inayomiminwa katika kalibu: unatengeneza ua moja, unalinakili mara mia, unayabandika. Dari za Uppark hazikufanywa hivyo. Fundi wa karne ya 18 alipanda jukwaani, akatandaza lipu ya chokaa iliyochanganywa na mchanga na singa za wanyama, na akiwa amelala chali au ameinua shingo akalifinyanga ua papo hapo kwa vidole na kijiko cha chuma kabla halijakauka. Ndiyo maana hakuna maua mawili yanayofanana. Ukikaribia kona ya dari unaweza kuona jani limepinda zaidi kuliko mwenzake, si kwa mpango bali kwa sababu mkono ulichoka au lipu ilikuwa imeanza kushika. Mafundi wa kufanya kazi hiyo kwa kiwango hicho walikuwa karibu hawapo tena. Ilibidi vikundi vya mafundi vijifunze upya kwa majaribio, kwa kuchunguza vipande vilivyotoka kwenye mapipa na kutafuta mchanganyiko unaobaki laini muda wa kutosha bila kuporomoka kutoka darini.

Msomaji wa pwani yetu hatashangazwa na tabia ya chokaa. Mafundi wa Lamu na Unguja walioichoma kutokana na matumbawe na kuilaza kwa muda mrefu kabla ya kuitumia, kisha wakaichonga vidaka na nakshi za kuta, walijua kwamba chokaa haina haraka na kwamba inapumua. Maji yanaingia, maji yanatoka. Saruji ni ngumu zaidi lakini hufunga unyevu ndani ya ukuta, na ukuta wa kale uliofungiwa unyevu huoza pole pole. Uppark, iliyokuwa imelowa maji ya zimamoto hadi kwenye kiini cha matofali, ilihitaji kupumua kuliko wakati wowote. Kwa hiyo kurudi kwenye chokaa kulikuwa na faida mbili: nakshi zilifanana na za kwanza, na kuta zikaweza kukauka.

Wachongaji wa mbao walikabiliwa na jambo linalofanana na hilo, ingawa kazi yao haikuwa imesahauliwa kwa kiwango kilekile. Palipobaki nusu ya fremu iliyochongwa, nusu ya pili ilichongwa ikaunganishwa. Kipande kilichoungua upande mmoja hakikutupwa kwa ajili ya upande ulioungua. Karatasi za ukutani na rangi zilifuata kanuni ileile ya siku moja kabla. Rangi mpya ilichanganywa ili ifanane na rangi iliyokwisha kufifia, ili mbao za kale zilizosalimika zisionekane chafu kando ya majirani zao wapya. Naomba msomaji asimame hapa kidogo, kwa sababu mahali hapa ndipo wapinzani wa kazi hii walipokuwa na hoja yenye nguvu. Uchakavu ni ushahidi wa wakati. Ukiutengeneza kwa brashi katika mwaka wa 1994, umetengeneza ushahidi wa wakati ambao haukupita.

Nimeipima hoja hiyo mara nyingi, na bado naona waliofanya kazi Uppark walikuwa na haki, kwa sababu ya kiasi. Katika ghorofa kuu kilichosalia kilikuwa kingi, na kipya kiliwekwa ili cha kale kiendelee kuonekana. Kama rangi mpya zingepakwa kwa ung'avu wa mwaka 1770, macho yangekimbilia kwenye vipya, na mbao halisi zilizopona moto zingegeuka kuwa mabaki ya aibu. Hali ingekuwa tofauti kama chumba chote kingekuwa kipya na kikafifishwa kwa makusudi. Hapo ningewaunga mkono wapinzani.

Ushahidi kwamba mpaka huo ulieleweka uko ghorofa ya juu. Huko hapakubaki kitu cha kuunganisha. Vyumba vya kulala na vya darini vilijengwa upya vikiwa vya kuishi, bila kujaribu kunakili mapambo yaliyoteketea kwa undani wake, na sasa kuna vizuizi vya moto na mitambo ya tahadhari ambayo nyumba ya kwanza haikuwa nayo. Mgeni anayeitazama Uppark kutoka nje haoni tofauti hiyo. Paa limerudi, vidirisha vya darini vinachungulia kama zamani. Kwa ndani, hata hivyo, jumba lina umri wa aina mbili, na ngazi ndiyo mpaka wake. Ningependa wageni waambiwe jambo hilo waziwazi zaidi, kwa kuwa halipunguzi heshima ya kazi iliyofanyika chini.

Miaka mitatu baada ya Uppark, tarehe 20 Novemba 1992, kasri la Windsor liliungua, taa yenye joto kali ilipokaribiana na pazia. Ukarabati wake ulikamilika miaka mitano kamili baadaye, kwa gharama ya takriban pauni milioni 37. Baadhi ya vyumba vilirudishwa kama vilivyokuwa, lakini St George's Hall ilipewa paa jipya la mbao za mwaloni lililobuniwa upya, kwa kuwa dari iliyoteketea ilikuwa ya karne ya 19 na haikuonekana kustahili kunakiliwa. Ustadi uliofufuliwa Uppark, wa chokaa na wa kuchonga, haukuwa tena kitu cha kutafutwa kwa tochi.

Lakini kipimo kikali zaidi cha kisa hiki ni Clandon Park, huko Surrey, jumba la mwanzoni mwa karne ya 18 lililobuniwa na Giacomo Leoni, mbunifu kutoka Venice, nalo likimilikiwa na National Trust. Tarehe 29 Aprili 2015 hitilafu ya umeme katika kabati lililokuwa vyumba vya chini iliwasha moto. Zingatia neno chini. Moto ulipanda kupitia nafasi za ndani ya kuta na shimo la lifti hadi paani, na paa liliposhuka lilivikuta vyumba vikiwa tayari vinawaka kutoka upande wa pili. Ukumbi maarufu wa Marble Hall uliharibika vibaya, na ni chumba kimoja tu kikubwa, Speakers' Parlour, kilichopona karibu kizima. Mwaka 2016 taasisi ilitangaza kwamba vyumba vikuu vya ghorofa ya chini vingerudishwa. Mwaka 2022 ilibadili msimamo: ganda lihifadhiwe lilivyo, na wageni wapitishwe ndani wakiangalia matofali, mbao zilizoungua na mifupa ya jengo ambayo mapambo yalikuwa yameificha.

Waliokasirishwa na uamuzi wa Clandon walitaja Uppark kama hoja yao: mbona kule iliwezekana, na mwenye mali ni yuleyule? Mfano huo hauwafai. Mwenye mali ni mmoja, matofali yanafanana, na bima ilikuwapo pande zote mbili. Tofauti ni mahali moto ulipoanzia. Uppark iliwaachia mafundi vazi lililochanika, na vazi lililochanika hushonwa. Clandon, isipokuwa katika Speakers' Parlour, iliacha mwili bila vazi, na kurudisha vyumba vile kungekuwa kunakili picha. Mtu anaweza bado kutaka nakala hiyo ifanywe, na kuna sababu za kutetea matakwa hayo, lakini hapo atakuwa anaomba kitu ambacho Uppark haikukifanya katika ghorofa yake kuu, na ambacho ilikataa kukifanya juu ya ngazi.